Ruta yangu haimo kwenye orodha ya OpenWrt, naweza kuipoti mwenyewe?

OpenWrt ni mfumo wa Linux wa bure unaotiwa kwenye ruta badala ya programu ya kiwandani, na kuipoti ruta ni kuufanya mfumo huo uende kwenye ruta ambayo bado haumo. Swali limetoka kwa mwalimu wa skuli moja ya Wete, nimelifupisha: "Asalaam aleikum fundi. Hoteli moja huko Paje wamebadilisha vifaa vyao, shemegi yangu akaniletea ruta tatu za bure. Moja TP-Link TL-WR841N, ya pili ya 4G ya Huawei, ya tatu nyeupe haina jina la maana, ina antena nne, nimeitafuta kwenye orodha ya OpenWrt haimo. Skuli tuna laini moja tu ya intaneti, mwalimu mmoja akishusha video sote tunakaa. Nataka kuzitia OpenWrt. Hii isiyomo kwenye orodha naweza kuipoti mwenyewe au ntaiua? Linux naijua kiasi, solda nishashika."

Waalaykum salaam mwalimu. Nikutoe hofu moja nikutie nyengine: kuiua ruta moja kwa moja si rahisi kama watu wanavyotishana, ila kuiharibu nusu nusu, ikawa inawaka taa zote lakini wifi haifiki hata chumba cha pili, hilo rahisi sana na mie nishalifanya, ntakuhadithia huko mbele.

Tuanze na hizo mbili usizohitaji kuumiza kichwa. Hio ya 4G iwache kama ilivyo. Ruta za 4G za Huawei za aina hio nyingi ndani zina chipu ya HiSilicon Balong, modemu na ubongo wa ruta vimo kwenye chipu moja, na OpenWrt hawana chochote kwa chipu hio, wala usipoteze usiku wako kutafuta. Lakini usiitupe! Hio ndo itakuwa mlango wako wa intaneti, inachukua laini kutoka mnarani, halafu waya unatoka kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani) unaingia kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ruta nyengine yenye OpenWrt, na kazi zote za akili zinafanyika kwenye hio ya pili.

TP-Link nayo igeuze uangalie stika ya chini, baada ya jina kuna neno Ver na namba, na namba hio ndo kila kitu. TL-WR841N ya Ver 13 ina flashi (ghala la programu) ya MB 8 na memori ya kufanyia kazi (RAM) ya MB 64, inaingia OpenWrt ingawa kwa kubanana. Ver 14, boksi lile lile, jina lile lile, ina flashi MB 4 na memori MB 32. Toleo la OpenWrt la 19.07 ndo lilikuwa la mwisho kwa vifaa vya 4 na 32, na toleo hilo toka 2022 halipati tena marekebisho ya usalama, kwa hio ukilitia unabadilisha programu ya zamani kwa programu ya zamani. Kama yako ni 14 mpe mtu aifanye suichi ya kugawa waya, ina matundu manne ya LAN, haikosi kazi.

Na mchezo huu wa kubadilisha matumbo ndani ya boksi moja si mpya, ndo asili ya OpenWrt yenyewe. Linksys walitoa WRT54G mwisho wa 2002, watu wakagundua ndani mna Linux, na Linux iko chini ya leseni ya GPL inayosema ukisambaza programu lazima na kodi yake, yani maandishi ya programu yenyewe, uitoe, bas 2003 kodi ikatoka na 2004 OpenWrt ikaanza, hata hilo "Wrt" kwenye jina limetoka kwenye ruta ile. Halafu 2005 ikaja WRT54G toleo la 5, kwa nje pacha, ndani flashi imekatwa nusu ikawa MB 2, memori imekatwa ikawa MB 8, na Linux imetolewa wametia VxWorks, mfumo mwengine. Watu walizinunua kwa jina wakafika nyumbani wakajua. Kwa hio usimuamini mtu anokwambia "mie nnayo kama hio hio inakubali", muulize toleo.

Sasa hio nyeupe. Hapo ndo swali lako lilipo.

Kwanza kabisa, kabla hata ya bisibisi, angalia kwenye stika kama kuna FCC ID, namba ya kibali cha vifaa vya redio Marekani. Ukiwa nayo unaingia kwenye tovuti ya FCC ya Marekani, unaandika ile namba, na mara nyingi unakuta picha za ndani ya ruta, bodi nzima imepigwa picha, unaweza kusoma chipu bila ya kuifungua. Kama haina FCC ID, fungua. Skurubu mbili huwa chini ya vile vipira vya miguu au chini ya stika, pitisha kidole juu ya stika utasikia pamebonyea. Ruta zilizotoka hoteli za pwani zina jambo lake, chumvi ya bahari imeshaingia, skurubu zimeota kutu na bodi ina unga mweupe au wa kijani pembeni ya matundu ya waya, pangusa na spiriti na mswaki mkavu, uiwache ikauke vizuri ndo uiwashe.

Chipu kubwa huwa chini ya kipande cha bati au cha aluminiamu cha kupoza. Ikiwa imeandikwa MT7621, ya MediaTek, basi furahi, MT7628 sawa pia lakini ina nguvu kidogo, MT7981 ni ya kisasa zaidi, na zile za Qualcomm kama QCA9531 au IPQ4018 pia zina watu wao. Ukikuta Broadcom kwenye upande wa wifi, funga boksi, draiva zake za maana, yani programu za kuiendesha, zimefungwa na wenyewe. Ukikuta Realtek za zamani zile za RTL8196 na jamaa zake, funga pia, zile zina prosesa ya Lexra ambayo ni MIPS (aina ya prosesa) iliyong'olewa meno, amri nne za kusoma na kuandika data isiyokaa kwenye mstari hazimo kwa sababu zilikuwa na hataza ya watu, kwa hio Linux ya kawaida ya MIPS haiendi juu yake.

Nnavyokisia, ruta ya antena nne ya bei ya kati iliyokuwa hoteli, kuna uwezekano mzuri ikawa MT7621. Ntaendelea kama vile ndo ilivyo, ikiwa sivyo tutarudi tena.

Ukisikia "kuipoti" usidhani utakaa uandike mfumo mpya. Keneli ya Linux, kiini cha mfumo, MT7621 inaijua zamani, draiva ya wifi ya mt76 ipo na iko wazi, suichi ya ndani inajulikana. Kitu ambacho Linux haikijui ni bodi yako: taa ya wifi imefungwa kwenye mguu upi wa chipu, kitufe cha riseti kiko wapi, flashi imegawanywa vipi, tundu la WAN ni la ngapi. Kompyuta ya mezani hujitambulisha vitu vyake vingi wenyewe ikiwaka, ruta haijitambulishi, lazima mtu aielezee. Maelezo hayo yanaandikwa kwenye faili moja linaitwa DTS, mimi nnaliita ramani ya bodi, na kwa MT7621 mara nyingi halizidi mistari mia na hamsini ambayo zaidi ya nusu unainakili kwa ruta jirani, yani inayofanana na yako. Kazi yote ni kuichunguza bodi mpaka uijue, kuandika ni mwisho.

Na kuichunguza kunaanza na vitundu vinne. Utaviona kwenye bodi, mstari mmoja, pengine pembeni pameandikwa TX RX GND VCC, pengine hapajaandikwa kitu. Hio ni njia ya seriali, ndo mdomo wa ruta. Unahitaji kidude cha USB cha seriali, vile vyenye chipu ya CH340 au CP2102, bei ndogo, kipini chake kiweke kwenye volti 3.3 na wala si 5, mstari wa pili nauandika peke yake uuone:

USIUNGE VCC. Ruta ina adapta yake, unaunga waya tatu tu.

Kuvijua vitundu chukua mita. Kwanza ruta ikiwa imezimwa weka mita kwenye mlio, waya mmoja kwenye bati la tundu la waya wa mtandao, mwengine unagusa kitundu kimoja kimoja, kinacholia ndo GND. Kisha washa, pima volti, kile kinachokaa 3.3 kimya hakitikisiki ni VCC, na kile kinachocheza cheza sekunde za mwanzo, mara 3.3 mara 2 na kitu, hicho ndo TX cha ruta kinazungumza. TX ya ruta inaingia RX ya kidude chako, na RX kwenye TX, zinakatana.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi ilikuwa baada ya ile miezi ya giza hapa Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulizoea kufanya kazi kwa betri nikawa sina imani na umeme hata uliporudi. Nikawasha ruta, kwenye skrini zikamwagika takataka tupu, alama za kuuliza, viboksi, herufi za ajabu. Nikajua nimeunguza. Nikakaa nikanywa chai. Kumbe kasi tu, nimeweka 115200 na ile ruta ilikuwa inasema kwa 57600. Nikabadilisha namba, nikazima nikawasha, na mistari ikaanza kushuka imenyooka, jina la chipu, ukubwa wa memori, jina la flashi, kila kitu anakieleza mwenyewe. MediaTek wana tabia hio ya 57600, kwa hio ukiona takataka usibabaike, jaribu hizo mbili.

Mistari hio inaitwa logi ya kubuti na ndo dhahabu yako, ihifadhi yote toka herufi ya kwanza. Kwenye ruta nyingi za MediaTek mwanzoni kabisa inatokea menyu ya U-Boot, programu ndogo inayouamsha mfumo, inakaa sekunde chache inasubiri namba. Namba 1 inapakia mfumo kwenye memori tu kwa TFTP, njia ya kutuma faili kwa waya wa mtandao. Namba 2 inapakia halafu inaandika kwenye flashi. Namba 4 inakupa sehemu ya kuandika amri, na hapo utaona neno Enter limeandikwa "Entr", herufi imeanguka miaka hio na kiwanda baada ya kiwanda wananakili hivyo hivyo hakuna aliyeiokota. Namba 9 inaandika juu ya U-Boot yenyewe, hio usiiguse hata kwa kujaribu, ukikosea hapo ndo kweli unahitaji mashine ya kuandikia chipu.

Namba 1 ndo rafiki yako wa wiki mbili zijazo. OpenWrt wana aina ya faili inaitwa initramfs, mfumo mzima unakaa kwenye memori, flashi haiguswi. Unaweka faili kwenye laptopu yenye seva ya TFTP, unaunga waya, unabonyeza 1, inakuuliza IP ya ruta, IP ya laptopu na jina la faili, na baada ya nusu dakika OpenWrt inabuti mbele ya macho yako. Ukizima na kuwasha inarudi programu ya kiwandani kama hakuna kilichotokea. Kwa hio kosea utakavyo, kosea mara hamsini, maadamu uko kwenye memori hujaharibu kitu. Na kwa kuanza huhitaji hata kutengeneza faili lako, chukua initramfs ya ruta yoyote ya MT7621 inayofanana na yako kwa flashi, nyingi zitabuti, taa zitakuwa hovyo na matundu yamepindana lakini utaingia ndani.

Ukishaingia, kitu cha kwanza, kabla hata ya kushangilia:

cat /proc/mtd

Itakuonyesha flashi ilivyogawanywa kwa mujibu wa ile ruta jirani, wewe linganisha na mgawanyo uliouona kwenye logi ya kiwandani, ule wa kiwandani ndo wa kweli. Kwa flashi ya MB 16 mgawanyo wa kawaida wa MediaTek ni huu: u-boot inachukua KB 192 (0x30000), mipangilio yake KB 64, kisha kuna kipande cha KB 64 kinaitwa factory, halafu kuanzia 0x50000 mpaka mwisho ni mfumo, ambao ni 0xfb0000 yani KB 16064. Kama flashi yako ni NAND, aina nyengine ya flashi, mambo yanakuwa mengine, utaniambia.

Hicho kipande cha factory nataka tukae nacho kidogo, maana hapa ndo pale nilipoahidi kukuhadithia.

Nilipata ruta mbili za namna moja kutoka nyumba moja ya wageni, moja nzima moja haibuti. Nikajiona mjanja. Nikatoa flashi nzima ya ile nzima, MB 8 zote, nikaiandika juu ya ile mbovu kwa kibanio na kidude cha kuandikia chipu, CH341A. Ikabuti, nikafurahi, nikaipeleka kazini kwa mwenyewe. Siku ya pili ananipigia simu, mtandao unakuja unaondoka, na ile ruta ya pili wifi yake ukitoka mlangoni tu imekufa. Nimekaa siku nzima nakisia waya. Kumbe factory ina vitu viwili ambavyo kila ruta ina vyake: anuani ya MAC (namba inayoitambulisha ruta kwenye mtandao), na vipimo vya redio vilivyopimwa kiwandani kwa bodi ile ile peke yake, nguvu ya kila antena, masahihisho ya masafa. Nimezipa ruta mbili MAC moja kwenye mtandao mmoja, zikawa zinagombana, na redio ya pili nimeivisha miwani ya mwenzake. MAC unaweza kubadilisha kwa mkono. Vipimo vya redio nilivifuta mwenyewe na hakuna mahali duniani pa kuvipata tena, kiwanda hawakupi. Ile ruta ninayo dukani mpaka leo, naitumia kwa waya tu, na kila nikiiona najua imenisomesha.

Kwa hio toa nakala. Kama factory ni mtd2:

dd if=/dev/mtd2 of=/tmp/factory.bin

kisha na nyengine zote, moja moja, uzivute kwa scp kupitia mtandao. Ila hakikisha ile mtd2 inaanza pale pale logi ya kiwandani inaposema factory inaanza, maana uko ndani ya ramani ya jirani, si yako. Weka nakala kwenye laptopu, kwenye flashi diski, na ujitumie kwa barua pepe. Fungua factory.bin kwa programu ya kuonyesha heksi, uangalie isiwe FF tupu (FF ni flashi isiyoandikwa kitu) mwanzo mpaka mwisho, ndani utaiona MAC yako ile ile ya kwenye stika, mara nyingi iko karibu na mwanzo, kwenye 0x4. Ukiiona MAC ya kwenye stika imekaa pale, hapo sasa kunywa soda.

Sasa ramani. Kodi ya OpenWrt ukishaishusha ingia target/linux/ramips/dts, utakuta mafaili mengi yanaanza na mt7621, chagua jirani aliye karibu na wako kwa flashi na wifi, nakili, mpe jina jipya. Badilisha jina la modeli, weka mgawanyo wa flashi wa kweli, u-boot na factory ziandike za kusomwa tu zisiandikwe. Wifi ielekeze kwenye factory: kwa bodi nyingi za MT7621 redio ya 2.4 inasoma kuanzia 0x0 na ya 5 inasoma kuanzia 0x8000, hakikisha kwa kuangalia nakala yako kwamba hapo pote pana data na si FF. Matundu ya waya utayajua kwa kuchomeka, chomeka waya tundu moja moja uone keneli inasema lipi limeamka, usishangae ukikuta LAN1 ya kwenye boksi ndo la nne ndani, wanageuza ovyo.

Taa ndo starehe na ndo maudhi. Huna njia ila kujaribu mguu mmoja mmoja wa chipu, unaandika 1 unaandika 0, macho kwenye ruta. Mie hukaa na daftari, mstari kwa kila namba: namba hii hakuna kitu, hii hakuna kitu, hii taa ya buluu imezima, hii ruta imejibuti yenyewe (hio umegusa riseti, iandike uiruke). Kitufe kinyume chake, unakibonyeza huku unaangalia hali ya miguu, ule unaobadilika ndo wenyewe. Saa moja na nusu hivi, ukiwa na mtoto nyumbani mpe kazi ya kupiga kelele "imewaka", watoto hawachoki.

Faili likishakamilika unaongeza kifungu chako kwenye image/mt7621.mk chenye jina na ukubwa wa mfumo, halafu make menuconfig, unachagua kifaa chako, na make. Hapa nikutahadharishe kuhusu bando. Mara ya kwanza inashusha kodi ya kila kitu, keneli, kompaila na mengineyo, na kwenye diski itakula GB nyingi, tenga kama 20 usihangaike. Kwenye laptopu ya zamani itachukua masaa, ianzishe usiku baada ya Isha ulale. Usiifute folda ya dl hata ukianza upya, humo ndo mna vile ulivyovilipia bando.

Toa initramfs, ibuti kwa namba 1, jaribu kila kitu: wifi zote mbili umbali wa darasa mbili tatu, matundu yote, kitufe, taa. Weka nchi TZ kwenye wifi ili redio itumie masafa na nguvu zilizoruhusiwa hapa kwetu, kuna watu wanaweka nchi za watu ili wapate nguvu zaidi, simu ya mtu haina nguvu hio ya kujibu, unapiga kelele kwa mtu asiyeweza kukuitikia. Ukiridhika, ndo sasa uandike kwenye flashi kwa faili la sysupgrade. Dakika hizo mbili ruta isizimike. Laptopu ina betri yake, ruta haina, kwa hio iunge kwenye UPS au fanya kwenye betri ya sola yenye volti sahihi na ile adapta yake. Na ukija kukosea mipangilio baadae, OpenWrt ina hali ya failsafe, mfumo wa asili umekaa sehemu isiyoandikwa na mabadiliko yako yanakaa juu yake kama shuka, unaivua shuka unarudi mwanzo.

Tatizo lako la skuli lenyewe baada ya hapo ni jambo la dakika kumi. Tia kifurushi cha SQM, cha kupanga foleni ya intaneti, chagua cake, njia yake mojawapo, pima kasi ya laini ya 4G saa ambayo watu wengi wapo, si usiku, maana 4G inapanda na kushuka, halafu weka kama asilimia 80 ya ile uliyoipima, kwa kushusha na kwa kupandisha. Foleni inahama kutoka kwenye modemu isiyojali mtu inakuja kwenye ruta yako, na cake inaigawa laini kwa haki, huyo wa video atapata yake na wewe simu yako ya WhatsApp haikatiki. MT7621 kwa kasi za 4G inaimudu kazi hio bila jasho.

Na ukishamaliza, ipeleke kwa wenyewe wa OpenWrt kwenye GitHub, ramani na maelezo ya bodi na namna ya kuitia, wanataka uweke saini ya Signed-off-by. Watakurudishia mara mbili tatu, nafasi hapa, herufi pale, usikasirike, wengine ni wakali lakini wanajua. Ile hoteli haikuwa na ruta moja, wala si hoteli pekee iliyozinunua.

Ukweli mwengine ambao lazima nikwambie kama mtu mzima: ukihesabu saa zako, kununua kitu kama GL.iNet Mango, kidogo kama kiganja, kina flashi MB 16 na memori MB 128 na kinakuja na OpenWrt tayari, ni rahisi kuliko yote haya, ingawa wifi yake ni ya 2.4 tu. Mie ningekushauri hivyo kama ungekuwa na haraka. Lakini umeniambia solda umeshashika na ruta umepewa bure, na wanafunzi wako wakiona logi inashuka kwenye skrini kutoka kwenye boksi waliloliona ukutani kila siku, hapo sijui kama kuna somo la kompyuta la kulishinda.

Fungua boksi, soma chipu, pata logi, usiendelee zaidi mpaka unitumie. Na nitumie kama maandishi, usiipige picha skrini kwa simu, namba nnazozitaka mie ni zile za mwisho wa mistari ya mgawanyo wa flashi na kwenye picha za watu kila siku ndo zilizokatwa.